Nukta Sita za Nakijwa

Kazi yangu haina maajabu. Nachukua kibandiko, nakitumbukiza kwenye beseni la maji ya nyuzi thelathini na saba, nasubiri. Kikisoma thelathini na saba nakihamishia beseni la pili, la thelathini na tisa, kisha la tatu, la arobaini na moja. Kikidanganya nakirekebisha, nukta moja juu au nukta mbili chini, mpaka kikubaliane na maji. Halafu nakikausha kwa kitambaa, nakifunga kwenye bahasha, naandika jina la mtoto atakayekivaa nyuma ya sikio. Miaka tisa nimefanya hivyo kwa wilaya nzima ya Same, na ukiuliza watu watakwambia Mama Nakijwa ana mdomo mchafu lakini mkono wake haukosei. Mdomo ni kweli.

Mwezi wa pili, wiki moja kabla ya Matembezi, bahasha ya mwisho mezani ilikuwa ya binti yangu.

Kanuni iko wazi: fundi hapimi kibandiko cha mwanawe. Nilipaswa kukipeleka kwa mwenzangu wa Mwanga. Nilimpigia simu, akasema ana vibandiko mia mbili mbele yake na mgongo unamuuma. "Malizia tu, dada. Nani asiyekujua wewe?" Basi nikamalizia.

Nilikitia majini mara tatu. Kilikuwa kizima kuliko vyote vya siku ile. Nikavuta kiti, nikakitazama kimelala kiganjani, hakizidi ukucha wa dole gumba. Nikamkumbuka Nakijwa wa miaka miwili akikakamaa mikononi mwangu kwa degedege, macho yamegeuka, povu mdomoni. Nikamkumbuka na baba yake, jinsi nilivyomkuta kitandani siku ya kumi na moja ya zile Siku Kumi na Tisa mitambo ya baridi ilipozima nchi nzima. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, hana ugonjwa wowote, ameungua kwa ndani.

Nikakiongezea nukta sita.

Nataka ieleweke nilifanya nini. Tangu dakika ile, Nakijwa akiwa na nyuzi thelathini na tisa na nukta nne, kibandiko kingesema ana arobaini. Na arobaini ndiyo namba inayoiamsha Mbeleko. Mbeleko ni mashine ya miguu sita yenye tumbo la baridi. Inalifuata kundi porini, na mtoto akifika nyuzi arobaini inamwinua, inamfungia tumboni na kumkimbiza kambini kwenye bwawa la barafu. Kila kundi la watoto kumi na wawili lina Mbeleko moja, na tumbo lake lina nafasi ya mtoto mmoja. Wakifika wawili pamoja, inamchukua mwenye namba kubwa. Hakuna mwalimu, mzazi wala mkuu wa wilaya anayeweza kuiambia vinginevyo. Zamani waliweza, mpaka kigogo mmoja alipoiita ikamchukue mwanawe aliyeumwa kichwa tu, na mtoto wa mwenzake akabaki juani. Baada ya mazishi, sheria ikauondoa mkono wa binadamu. Ikauacha mmoja, wa fundi wa vipimo, ambaye anaweza kukifuta kibandiko kikionekana kibovu. Yaani mkono wangu.

Sikumwibia mtu, nilijiambia. Nimeongeza tahadhari tu, kama mama anayemvalisha mwanawe sweta wakati wengine wote wanaona hakuna baridi.

Nilikuwa bado naandika jina juu ya bahasha Nakijwa alipoingia na sare yake ya shule, buti za Matembezi zimening'inia shingoni kwa kamba. Miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mimi, na hajui kufunga mlango.

"Shikamoo Mama. Hujamaliza tu?"

"Marahaba. Funga mlango, baridi inatoka."

"Baridi, baridi." Aliufunga kwa kisigino. "Mwalimu Mjema amenionyesha barua yako. Eti nisamehewe Matembezi kwa sababu ya degedege. Mama, nilikuwa na miaka miwili!"

"Mwili hausahau."

"Unajua wanaoachwa wanaitwaje? Watoto wa friji. Aika amesema nikibaki atanitania mpaka niolewe."

"Acha atanie. Anayetaniwa yuko hai."

Akachukua bahasha yake mezani, akalisoma jina kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Baba hakufa kwa joto, Mama. Alikufa kwa kutolizoea. Wachunga mbuzi wa kule Ruvu walipita siku zile zote kumi na tisa, wakazika mbuzi tu. Mimi nataka mwili wangu ujifunze."

Ni kweli tupu. Ndiyo maana sheria ikaja: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu atembee siku kumi na mbili katika mwezi wa joto kali, kwa sababu mwili unahitaji takriban muda huo kujifunza kutoa jasho mapema, kuongeza maji ya damu, kuulegeza moyo usipige mbio. Mwalimu Mjema ameyasema hayo kwenye vikao vya wazazi hadi nimeyakariri. Nayaamini. Ila aliyesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hakuwa na beseni la maji moto na kibandiko mkononi.

"Kivae vizuri," nilimwambia. "Usikibandue hata ukiogelea."

Akanibusu kichwani, akatoka. Mlango akauacha wazi.

*

Siku ya sita nilifika ukumbi wa shule saa nne asubuhi. Sheria inawapa wazazi haki ya kutazama, basi. Ukutani kuna ubao mkubwa wenye majina kumi na mawili na namba kumi na mbili, na chini yake spika inayoleta sauti ya mwalimu aliyeko porini. Pembeni, ndani ya kasha la kioo, kuna kibao cha dole gumba ambacho kinalitambua dole langu peke yake. Wazazi wanaleta viti vyao, kanga, chupa za chai, na wanakaa wakitazama namba kama watu wanaotazama mpira, ila hakuna anayeshangilia.

Mama Aika alikuwa ameshafika. Ni Mchaga wa Rombo, mpishi mkuu wa bweni la wasichana, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachofika mtaa wa pili. Binti zetu walikutana chekechea wakagombania kigari, na siku ile ile sisi mama zao tukaanza utani ambao haujawahi kukoma. Sidhani kama amewahi kuniita kwa jina.

"Mpare, leo umewahi. Umekuja kumtazama mtoto, au unatafuta wa kumshtaki?"

"Nimekuja kuhesabu Wachaga. Nasikia mwaka huu hakuna anayekufa mpaka Desemba, mnangoja usafiri wa kwenda nyumbani."

"Afadhali sisi tuna nyumbani. Nyie mkigombania kuku mmoja, mnauza ng'ombe mpate nauli ya mahakamani."

"Na tunashinda!"

Akanimiminia chai ya tangawizi bila kuniuliza, akanisogezea andazi. Wazazi wengine walikuwa wanatabasamu. Walitupenda kwa kazi hiyo. Asiye na mtani hawezi kulielewa jambo hili. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akachukua sufuria, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Anaweza kukwambia ubaya wako mbele za watu, na dawa yake ni kumwambia wa kwake. Neno likishasemwa kwa utani halina kesi.

Kundi lilikuwa linavuka mbuga kutoka upande wa Makanya, kwenye mashamba ya katani yaliyokufa zamani, ambako hakuna mti wa kumfunika hata mbwa. Saa sita Mwalimu Mjema alisema upepo umegeuka, unatoka uwandani na ni wa moto. Saa saba alisema wanapumzika chini ya hema. Saa saba na nusu akasema hema linapeperuka, heri watembee wafike korongoni, kuna kivuli cha mwamba. Namba zilianza kupanda. Thelathini na nane nukta tano, thelathini na nane nukta tisa. Hizo ni namba za kawaida kwa mtoto anayetembea juani, na siku tano za kwanza tulikuwa tumeshajizoeza kutozishangaa.

Saa nane na dakika kumi ubao ukalia.

NAKIJWA MMBAGA, arobaini na nukta mbili. Jina lake likawa jekundu. Chini yake AIKARUWA LYIMO, arobaini kamili, nalo likawa jekundu sekunde chache baadaye.

"Mbeleko imekuja," sauti ya Mwalimu Mjema ilisema, na nyuma yake tulisikia miguu ya chuma ikikwaruza mawe. "Inamchukua Nakijwa. Aika, kaa chini, binti yangu. Leteni maji ya Aika."

Ukumbi mzima ulinigeukia kwa huruma. Mama mmoja alinishika bega. Nikaufunika uso kwa kanga, na watu wakadhani nalia. Nilikuwa napiga hesabu. Arobaini na nukta mbili kutoa nukta sita: thelathini na tisa na nukta sita. Mwanangu alikuwa na joto, amechoka, ana kiu, lakini hakuwa mgonjwa. Aika alikuwa na arobaini, na arobaini yake ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyekipima kile kibandiko, Jumanne saa tatu asubuhi, hakikukosea hata nukta moja.

Kutoka pale mpaka kambini ni dakika kumi na nne. Kurudi, kumi na nne nyingine.

Nilijua la kufanya. Nisimame, niende kwenye kasha, niweke dole. Kibandiko cha Nakijwa kingefutwa, Mbeleko ingemteremsha hapo hapo ilipo na kugeuka kumfuata mwenye namba kubwa inayofuata. Ingekuwa imekwenda dakika moja tu. Miguu yangu ilikataa. Nilikuwa nafikiri: na kama nimekosea hesabu? Na kama akiteremshwa njiani peke yake, degedege likamrudia? Na watu wakiniuliza nimejuaje kwamba ni kibovu?

Arobaini na nukta tatu, ubao ulisema mbele ya jina la Aika.

Mama Aika alikuwa ameacha kutafuna. Andazi lilikuwa mkononi mwake, limeumwa upande mmoja. "Itarudi sasa hivi," alisema, akimwambia nani sijui. "Si inarudi? Mpare, wewe ndiye fundi. Inachukua muda gani?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mtani, nimekuibia," nilisema. "Namba ya Nakijwa nimeipika. Hiyo mashine ilikuwa ya mwanao."

Niliisema kwa sauti ile ile ya kuku na mahakama. Hapa ndipo nataka nieleweke kuliko popote. Ningeweza kuisema kwa sauti ya kawaida. Niliitia sukari makusudi, ili ikikubaliwa niwe nimesema, na ikikataliwa niwe nimetania. Kwa sekunde mbili alinitazama, nami nikamwomba Mungu mtani wangu aone kwamba sitanii. Kisha akaangua kicheko, kile kicheko chake chote, akashika mbavu.

"Wapare nyie! Mnaiba hata homa!"

Ukumbi mzima ukacheka. Walikuwa wanahitaji kucheka, maskini, walicheka mpaka mzee mmoja akavua miwani kufuta machozi. Na mimi nikacheka nao. Nikajiambia: nimeshasema.

Arobaini na nukta tano. Mwalimu Mjema alikuwa anahesabu chupa za maji kwa sauti. Arobaini na nukta saba. Kicheko kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyekikumbuka. Mama Aika alisimama, akakaa, akasimama tena karibu na spika, kana kwamba akisogea zaidi atatokea upande wa pili. Tulimsikia Aika akiongea. Alikuwa anamwita mwalimu "Bibi," anamwomba amfungulie ng'ombe. Halafu tukasikia kitu kikianguka, na watoto wakipiga kelele, na Mwalimu Mjema akifoka kwamba kila mwenye maji ammwagie Aika, yote, hata ya kunywa, shingoni na kwapani.

Arobaini na moja na nukta mbili.

Sikumbuki nilivyofika kwenye kasha. Nakumbuka kioo kilikuwa cha baridi. Niliweka dole, na kibao kikaniuliza sababu ya kufuta, maana hakifuti bila sababu. Kilinipa tatu: kibandiko kimelowa, kibandiko kimebanduka, kasoro ya kifaa. Nikagusa ya tatu. Jina la Nakijwa likapotea ubaoni, na kwenye spika sauti ya mashine ikasema inageuka.

Niliitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja tangu nilipotania. Mashine ilikuwa imeshakaribia kambini, ikabidi iirudie njia yote hiyo.

*

Aika hakufa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakifika hapa hupumua, na mimi pia nilipumua, na sikustahili.

Maji ya kunywa ya kundi zima ndiyo yaliyomwokoa, pamoja na mikono ya mwalimu wake. Mbeleko ilimkuta akiwa na arobaini na moja na nukta sita. Daktari wa hospitali ya wilaya, kijana mpole anayeongea taratibu, alituchorea kichwa kwenye karatasi. Alisema joto haliui ubongo wote kwa mara moja. Linaanzia nyuma, chini, kwenye sehemu ndogo inayoshika mizani ya mwili: inayokuwezesha kuleta kijiko mdomoni bila kumwaga, kutembea bila kupepesuka, kutamka neno bila kulivuta. Chembe za pale ni laini kuliko zote. Zikiungua hazioti tena. "Akili yake ipo," alisema. "Anawatambua wote, anawasikia wote. Mwili ndio hautamsikia yeye." Mama Aika aliuliza kwa muda gani. Kijana yule akaikunja karatasi yake.

Kamati ya wilaya ilikaa siku moja. Walikuta kwenye kumbukumbu maneno matatu, kasoro ya kifaa, na dole langu. Mwenyekiti alinipa mkono, akanishukuru kwa kuwa macho.

Nakijwa hakurudi nyumbani. Nilituma gari, akalirudisha tupu. Alimaliza siku zake zote kumi na mbili pamoja na wenzake tisa waliotaka kuendelea, na aliporejea sikumtambua alipokuwa bado mbali barabarani. Amekonda, amekuwa mweusi, anatembea kwa hatua fupi zisizo na haraka. Alipoingia ndani alizima mashine ya baridi ya sebuleni, akaketi sakafuni kwenye joto la saa tisa, jasho likamtoka mapema, jepesi, kama lilivyo la wachunga mbuzi. Mwili wake umejifunza. Zikija Siku Kumi na Tisa nyingine, mwanangu atapita. Niliona hivyo, na moyo wangu ukafurahi, na nikauchukia.

Nilimwekea wali na njegere. Hakugusa.

"Mama, niliiambia niko mzima."

"Ulimwambia nani?"

"Mbeleko. Nilipiga mlango kwa buti. Nikaiambia Aika ndiye mgonjwa, nilimwona anapepesuka tangu asubuhi, alikuwa anacheka ovyo. Ikanijibu vipimo vinaonyesha nahitaji kupumzika. Ikanipigia na muziki." Alikuwa anatazama mikono yake. "Kisha iliponiteremsha porini nikarudi mbio. Nilikimbia kwenye jua lile lote, Mama, sikuanguka. Mgonjwa angewezaje kukimbia?"

"Kibandiko kilikuwa na kasoro, mwanangu."

"Kasoro ya nani?"

Mtoto uliyemzaa anaijua sauti yako kuliko kamati yoyote. Nilisogeza sahani, nikasogeza glasi, nikasema chakula kinapoa. Hakuinua sauti. Ningependa angeinua.

"Usinijibu mimi," alisema. "Kamjibu Mama Aika."

Akaondoka kwenda huko huko. Amekuwa akienda kila siku baada ya shule, kumshika Aika kiuno wakati anajifunza kutembea kutoka kitandani hadi dirishani. Nyumbani ananiamkia, anafua, anadeki, analala. Haniambii kitu kingine.

*

Nilikaa wiki tatu nikitafuta maneno. Nisidanganye: wiki mbili za kwanza nilitafuta namna ya kutosema. Nilifika hata mahali pa kujiambia kwamba kukaa kimya ni huruma, kwamba mama mwenye mgonjwa hahitaji mzigo wa pili. Mwoga hakosi wema wa kujifichia.

Kilichonitoa nyumbani ni Mama Aika mwenyewe. Alinitumia ujumbe wa sauti Jumamosi mchana. "Mpare, njoo. Nina kazi ya kabila lenu."

Nilimkuta sebuleni amevuta kigoda mbele ya kiti cha Aika, bakuli la uji mapajani, anamlisha. Amepungua sana. Aika aliponiona alijitahidi kunisalimu, na shikamoo yake ikachukua muda mrefu kutoka, silabi moja moja, huku mkono wake ukicheza hewani kwa kutafuta mahali pa kutua. Nikaupokea. Ulikuwa wa moto kidogo, wa mtoto yeyote.

"Marahaba, mama. Unaendeleaje?"

"Anaendelea kunimwagia uji," Mama Aika alisema, akamfuta kidevu. "Kaa hapo. Nimezungumza na wakili. Kasema kile kiwanda kilichotengeneza vibandiko hakina pa kutokea, mradi nipate shahidi wa kitaalamu. Nikamwambia shahidi ninaye, tena Mpare, damu yake ni kesi tupu. Tangu dunia iumbwe Mchaga hajawahi kumwomba Mpare amfundishe kushtaki, basi leo ringa. Wewe ndiye uliyekiona kile kibandiko kibovu. Utasema?"

"Hakikuwa kibovu."

Alichota uji, akaupuliza. Kwenye pembe ya mdomo wake kulikuwa na tabasamu, limejiweka tayari. Ndivyo tunavyofanya, mmoja anaanza, mwingine anangoja mkia wa neno.

"Haya," alisema, "malizia."

"Sitanii, Mama Aika. Kilikuwa kizima. Nilikiongezea nukta sita kwa mkono wangu, wiki moja kabla hawajaondoka, ili Nakijwa achukuliwe mapema. Siku ile hakuwa na arobaini. Aika ndiye aliyekuwa nayo. Mashine ilikuwa ya Aika."

Tabasamu lilibaki pale pale muda kidogo, kama la mtu aliyesahau kuliondoa. Nje jirani alikuwa anapiga mkeka vumbi. Aika alikuwa ametulia, ananitazama mimi, na macho yake hayakuwa na shida yoyote ya mizani.

"Hayo maneno uliniambia," Mama Aika alisema polepole. "Pale ukumbini."

"Nilikuambia."

"Kabla hajaanguka."

"Kabla hajaanguka. Alikuwa na arobaini na nukta tatu."

"Na ulikuwa unasema kweli."

"Nilikuwa nasema kweli. Niliisema kama utani kwa sababu niliogopa. Nilijua ukicheka nitakuwa nimepona. Kisha nikakaa dakika kumi na moja."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiandaa kwa matusi, kwa bakuli la uji usoni, kwa polisi, na barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa ndani ya mkoba pamoja na nakala ya maelezo yangu kwa kamati. Niliitoa nikaiweka mezani. Hakuiangalia.

"Ungekuwa umeiba tu," alisema, "ningejua la kufanya. Mzazi ni mzazi. Mimi ningekuwa na mkono kama wako, na lile beseni lako, sijui. Sijui, Mungu wangu, labda na mimi ningeongeza." "Lakini nilikuwa pale ukumbini. Mwanangu anaungua porini, nami nimeshika mbavu. Watu wote wananiona. Kila nikimlisha nilikuwa nakumbuka siku ile, najiambia angalau mama yake alikuwa pale, alikuwa naye kwa moyo, anamwombea. Sikuwa namwombea."

Aliinua macho.

"Ulinifanya nicheke."

Aika alikuwa amefungua kinywa anangoja kijiko, na mama yake alikuwa amekisahau mkononi, uji unadondoka sakafuni.